Kichwa Chini Mlimani: Upepo wa Breki na Safari ya Buleusa

Nyote huko Butembo mmekwisha kusikia safari hii kwa mdomo wa Papa Muhindo, dereva wangu, na katika masimulizi yake mimi ni mwanamke aliyelia njia nzima huku yeye akiendesha kwa mkono mmoja. Nimeona bora niandike mwenyewe. Sikulia. Nilipiga kelele, hilo nakubali. Machozi yalikuwa ya Muhindo, naye alisema ni vumbi, wakati mvua ilikuwa inanyesha.

Sababu ya kuondoka ilikuwa Paluku, mdogo wangu, yule niliyemlea tangu mama alipofariki naye hajaanza kutembea vizuri. Anafundisha shule ya msingi Buleusa, huko Walikale, mwaka wa tatu sasa. Nilimruhusu aende mwaka mmoja tu, aonje maisha, kisha arudi Goma tuuze vitenge pamoja. Badala ya kurudi akapata mchumba, Espérance, binti wa wawindaji na wakulima wa msituni. Sikupenda, wala sikuficha. Nilisema watu wale wana desturi zao nyingi za zamani, nikasema ni mbali, nikasema msichana hajui hata kupima kitenge. Ukweli ni kwamba nilitaka Paluku wangu arudi nyumbani, na Espérance ndiye aliyesimama mlangoni.

Wazee wa upande wa msichana walikuwa wamekubali kila kitu isipokuwa jambo moja. Anayeshika nafasi ya mama wa kijana lazima afike mwenyewe, Jumamosi, siku ya harusi, akiwa na mbuzi wake, wamwone kwa macho yao. Asipofika, mambo yanaishia hapo na binti anabaki kwao. Juma lile Paluku alinipigia simu. Hakubembeleza.

"Yaya, njia iko mubaya, minajua," akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Lakini usipofika, sitasema ni njia. Nitajua ni wewe njo hukutaka."

Akakata simu. Ndiyo sababu ya safari, na mengine yote yanayofuata ni breki.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tulipakia mbuzi sita nyuma ya pikapu yangu pale Goma, pamoja na sabuni, chumvi na bunda la vitenge vya mashangazi wa bibi harusi. Pikapu ile ina umri karibu sawa na wa Paluku na inanisumbua kumzidi. Muhindo aliikagua kwa namna yake: alipiga teke gurudumu moja, akafanya ishara ya msalaba, akasema gari ni zima. Nikamuuliza juu ya magurudumu mengine matatu. Akasema yanafuata la kwanza.

Sake, saa mbili. Tulipofika njia panda, pale njia ya Masisi inapoachana na ya Minova, Muhindo alikanyaga breki ili asimgonge mama mwenye beseni la dagaa wa sambaza. Gari lilisimama, lakini kanyagio liliendelea kushuka polepole mpaka sakafuni. Mama yule alimtukana Muhindo ukoo mzima, kisha akamwonyesha fundi kwa kidole. Ni watu wema, wa Sake.

Kwa wale ambao kazi yao ndani ya gari ni kukaa na kulalamika, niwaeleze. Mguu wako hausimamishi gurudumu. Unasukuma mafuta ndani ya silinda kuu iliyoko chini ya boneti, ile ambayo mafundi wetu huiita metre-silindre. Mafuta yanakimbia kwenye vibomba vyembamba mpaka magurudumuni, na huko ndiko gari linapokamatwa. Mafuta hayakubali kubanwa, ndiyo maana yanafaa kwa kazi hiyo. Upepo unakubali. Ukiwemo upepo ndani, unakanyaga, upepo unajikunja, na gari linaendelea na shughuli zake kana kwamba hujasema kitu.

Fundi alisema mipira ya ndani ya silinda imechoka. Akatoa sandukuni silinda nyingine, okazyo, yaani iliyokwisha kutumika Ulaya mpaka wao wenyewe wakaichoka. Kumbe kitu kama hicho, kabla ya kufungwa kwenye gari, hujazwa mafuta kwanza pale mezani, kikasukumwa taratibu mpaka upepo wote utoke. Hatua hiyo aliiruka. Alitoa upepo kwenye vibomba vya magurudumuni tu, akafuta mikono, akasema twende na Mungu. Ningependa kumlaumu, lakini mimi ndiye niliyesimama juu ya kichwa chake nikimwambia fanya mbio, fanya mbio, mpaka akalipua kazi.

Kutoka Sake kupanda kuelekea Kitshanga hakuna aliyehitaji breki. Ukiwa unapanda, breki ni pambo tu. Muhindo aliimba, mbuzi wakaitikia, na mimi nikala ndizi tatu. Mteremko wa kwanza ndio uliotufungua macho. Muhindo alikanyaga, mguu ukazama kama kwenye uji. Akakanyaga tena mara tatu upesi upesi, breki ikashika kidogo, ikaachia. Akarudisha gia ya kwanza, injini ikapiga mayowe, naye akageuza usukani na kulielekeza gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama lenyewe, pua ikiwa imeinuka kuelekea juu.

Nilishuka, nikatoa amri ambayo kila mtu wa milima ile angeitoa: kuanzia sasa gari hili lisimame likitazama mlima, kila mahali, hata kwa dakika moja. Huko ndiko tulikozaliwa na ndivyo tulivyofundishwa. Kwetu hata mwenye breki nzima akienda misa analiegesha gari lake pua juu, kwa heshima ya bonde. Muhindo hakubisha, naye ni mtu wa kubisha hata salamu.

Kitshanga, jioni. Tulifikia kwa binamu yangu mwenye duka karibu na soko, na pikapu ikaegeshwa mbele ya duka pua juu, mawe mawili nyuma ya magurudumu. Muhindo akafungua boneti. Hapo nikagundua kwamba Kitshanga yote ni mafundi. Alikuja muuza ng'ombe akasema shida ni mafuta. Walikuja vijana wa motopikipiki wanne, kila mmoja na maoni matano. Katekista mmoja aliyekimbia kwao na sasa anaishi kambini alisema alishawahi kuona gari la padri likifanya hivyo hivyo, likapona. Tulipomuuliza lilipona vipi akasema padri alihamishwa.

Kazi yenyewe iligawanywa hivi: mimi kwenye kanyagio, Muhindo chini ya boneti akilegeza nati ya kibomba na kuikaza, na vijana wa motopikipiki wakihesabu. Walihesabu kwa furaha kubwa na kwa kasi inayozidi kupanda, nami nikakanyaga kwa mwendo wao kama mtu anayecheza ngoma. Mafuta yakatoka yakiwa na povu kama la sabuni. Tukamwaga mengine, tukakanyaga tena, povu likaongezeka. Mwishowe kanyagio likawa gumu nusu, Muhindo akatangaza ushindi, watu wakapiga makofi, tukala ugali.

Ijumaa asubuhi, nje kidogo ya mji, ule ushindi ulikwisha. Mbele yetu kulikuwa na kizuizi: kamba imefungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, na kijana mwenye bunduki amekaa kwenye kiti cha plastiki. Muhindo alianza kupunguza mwendo mbali kabisa, gia ya kwanza, akikanyaga na kusali. Tulikwenda polepole kuliko maandamano ya Ijumaa Kuu. Tulikwenda polepole, lakini tulikwenda. Kamba ikagusa boneti, ikapanda kwenye kioo, ikakazika, na gari likatulia hatua mbili ndani ya mahali pasiporuhusiwa. Kijana alikuwa amekwisha kusimama, na bunduki haikuwa tena begani.

Nilifungua mlango nikashuka mikono ikionekana. Sijui kinywa changu kilipata wapi mate.

"Mama, hamukuona kamba?" akauliza.

"Tuliiona, kaka. Siye tulisimama zamani," nikamwambia. "Ni gari njo ilikuwa ingali inakuya."

Aliitazama kamba kwenye kioo. Kisha akamtazama Muhindo, ambaye alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili macho yamefumbwa, akaanza kucheka mpaka akarudi kukaa. Naye pia alikuwa fundi. Alitushauri tukanyage mara tatu kisha tushikilie, akateremsha kamba, akatutakia safari njema kwa sauti ya mtu anayeaga maiti.

Siku ile tulisimama mara nne kutoa upepo. Kila mara pua juu, kila mara mimi nikikanyaga na Muhindo akilegeza, kila mara povu, kisha nusu saa ya matumaini, kisha uji tena. Tuligombana. Nilimwambia hajui kazi. Aliniambia amekuwa dereva tangu enzi za Zaïre. Nikamwambia labda ndiyo sababu nchi ile ilikwisha. Hakunisemesha mpaka baada ya Mweso.

Saa saba mchana, mgongoni mwa kilima cha mwisho. Upande mmoja malisho yameshuka kijani mpaka ng'ombe wanaonekana wadogo kama maharagwe. Upande wa pili barabara inaangukia msitu wa Walikale, kona juu ya kona, udongo mwekundu umeloa. Ule haukuwa mteremko wa kushuka kwa gia na sala. Muhindo aliuangalia, akazima injini. Hapo ndipo lile vumbi lilipomwingia machoni.

"Patro, turudie Goma," akasema. Patro ni bosi, ndivyo anavyoniita akitaka kitu. "Tutasema ni freni. Mutoto ataelewa."

Sasa nitawaambia jambo ambalo Muhindo halijui, ndiyo maana halimo katika masimulizi yake. Nilifurahi. Moyo wangu uliruka kama umefunguliwa kamba. Nilikuwa nimefika mbali kiasi cha kutosha, nilikuwa na shahidi, nilikuwa na povu la siku mbili kwenye viatu vyangu. Hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Paluku angerudi Goma na huzuni yake, ningempikia, angepona. Nilisimama pale na mvua shingoni nikiwa na furaha hiyo, na nikaona aibu nayo, lakini furaha haikutoka.

Nikapiga simu. Mtandao ulikuwa wa kuokota, lakini Paluku aliitika mara moja. Nikasema, "Paluku, gari..." Naye akasema, "Eeh, Yaya. Minasikia." Basi. Hakushangaa, hakuuliza gari limefanya nini. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye kitu alichokingojea kimefika. Niliumia kuliko kama angenitukana.

"Gari inachelewa kidogo," nikasema. "Kesho tuko kwenu."

Muhindo alinitazama kama nimepandwa na wazimu. Nilimwambia afungue boneti.

Kando ya barabara palikuwa na nyumba ya mbao, na ndani yake mama mmoja, Mama Josefina, anayetengeneza fromaji, ile jibini ya duara ya Masisi mnayonisumbua niwaletee kila Krismasi. Alikuwa ametuangalia kwa dirisha toka tulipofika. Alikuja na mwavuli, mikono ikinuka maziwa, akasimama karibu nasi bila kutoa ushauri. Hilo peke yake lilinifanya nimheshimu. Tulikanyaga, tukalegeza, povu likaja. Ndipo akauliza kwa upole kwa nini ninakanyaga kama ninaua nyoka.

Nikamweleza ni kutoa upepo. Akasema hata yeye kazi yake ni kutoa upepo. Maziwa yakishaganda anayaweka kwenye duara la mbao na kuyafinya siku nzima, jiwe dogo kwanza, kisha kubwa. Anayefinya kwa haraka, upepo unajificha ndani, na fromaji inaoza ikiwa na sura nzuri. Kisha akachukua ile chupa yangu ya mafuta ya breki, iliyobaki nusu, akaikazia kifuniko na kuilaza kando ya injini, mdomo ukielekea pua ya gari. Tukainama wote watatu kuitazama.

"Upepo iko wapi?" akauliza.

"Iko huku juu," nikasema. Ulikuwa umekwenda wote upande wa mdomo, ulioinuka.

"Na kichwa ya gari yenu iko wapi?"

"Juu."

"Basi itatokea wapi? Siku mbili munaitengenezea chumba ya kulala."

Niliona vibaya mno. Silinda ile imelala kama ile chupa, mkia kwa dereva na kichwa kuelekea pua ya gari. Kila tulipoegesha pua juu, upepo ulipanda ukakaa kwenye ncha ya mbele, mbali na tundu la nyuma linalopanda kwenye kikopo cha mafuta, na sisi tukaukanyaga kwa nguvu mpaka ukawa povu. Ilikuwa amri yangu. Mara sita tulitoa upepo, na mara zote sita mimi ndiye niliyesema pua juu.

Dawa ilikuwa wazi na ya kutisha: kuligeuza gari, pua chini, litazame bonde. Bila breki. Muhindo aliondoka hatua tano.

"Gari bila freni haiangaliake bonde," akasema. "Hata mutoto anajua."

Mama Josefina akamwambia hakuna shida, tuendelee tu kukanyaga pua juu, yeye atakuwa anatuletea chakula mpaka Krismasi.

Aliwaita wachungaji. Walikuja tisa, na kamba ya kuvutia ng'ombe waliozama kwenye matope, na magogo yaliyochongwa kama vipande vya keki ambayo magari makubwa hutegea magurudumu. Waliteremsha mbuzi na kuwafunga kwenye uzio. Kamba ikazungushwa kwenye kisiki cha mkaratusi ncha moja kwenye ndoano ya nyuma ya pikapu na nyingine mikononi mwao. Muhindo alilizungusha gari kwa gia ya kwanza na ya kinyume, kidogo kidogo, wachungaji wakihamisha magogo kila gurudumu liliposogea, na kila mmoja akitoa amri tofauti. Saa nzima ilipita. Ilipokwisha, pua ya pikapu yangu ilikuwa inatazama msitu wote wa Walikale, na mawingu yalikuwa chini yetu.

Muhindo alipaswa kuwa kwenye boneti, kwani ndiye anayejua nati. Mtu wa kanyagio alikuwa mimi. Nilipanda. Kiti kilininamisha mbele mpaka kifua kikagusa usukani, na kioo kizima kilikuwa bonde. Niliogopa. Sitafuti neno zuri zaidi; niliogopa, na nikajiuliza kama Espérance anastahili hofu hiyo. Nikajibu kwamba simjui, na kwamba huo ndio ulikuwa ubaya wangu wote: miaka miwili namkataa mtu nisiyemjua.

Mama Josefina alisimama dirishani na mwavuli wake. Aliniagiza nisikanyage zaidi ya kina cha ukucha wa kidole gumba, kisha niachie, kisha ningoje. "Polepole," akasema. "Ukifinya mbio, inajificha."

Nikafinya. Nikaachia. Nikafinya. Muhindo alikuwa ameinama juu ya kikopo cha mafuta, kifuniko wazi, naye amejikausha. Mara ya nne akasema kuna kipovu kimoja. Kisha viwili. Kisha vikaja mfululizo, vidogo vidogo, vikipanda kutoka chini ya kikopo, na mwishoni likaja moja kubwa lililopasuka kwa sauti ya mzee aliyekula maharagwe. Wachungaji walicheka mpaka wakaachia kamba.

Naam, waliiachia. Ilikuwa imezungushwa kwenye kisiki, lakini ilikuwa imeloa, ikateleza. Nikasikia gogo la kushoto likikwaruza jiwe. Gari likasogea mbele, shibiri moja, mbili. Muhindo akaruka pembeni kama chura. Mimi nikafanya kitu pekee nilichojua: nikaukandamiza mguu kwenye kanyagio kwa nguvu zote, nao haukufika mwisho. Ulikutana na kitu kigumu katikati. Gari likashikwa, likayumba, likatulia.

Nilibaki pale nimekanyaga. Waliweka magogo mapya, wakakaza kamba, wakaniambia niachie, nami sikuachia. Mama Josefina ilibidi aingize mkono dirishani na kunishika goti. Aliniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, ninasikiliza breki.

Muhindo alikaza nati zote, akaongeza mafuta, akamalizia gurudumu baada ya gurudumu, kuanzia la mbali. Kufikia jioni kanyagio lilikuwa gumu kama kichwa chake. Tulilala kwa Mama Josefina katikati ya harufu ya fromaji, na pikapu iliegeshwa nje, pua juu. Mazoea hayatoki siku moja.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulishuka. Muhindo aliendesha kimya, akijaribu breki kila baada ya kona kama mtu anayegusa mfukoni kuona kama ufunguo upo. Ulikuwepo kila mara. Baridi ikabaki nyuma, ndizi na michikichi ikaanza, hewa ikawa nzito, na watu kandoni mwa njia wakaanza kusalimu kwa lugha nisiyoijua. Tulikwama kwenye tope mara mbili, tukasukumwa. Hakuna aliyetoa ushauri; huko wanasukuma kwanza.

Buleusa, saa sita na nusu. Misa ilikuwa iwe saa nne. Walikuwa wameiahirisha mara moja, na padri alikuwa ameanza kutazama saa yake waziwazi. Watu wa Espérance walikuwa wamekaa mbele ya nyumba, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na mashangazi wanne wamesimama mlangoni wamekunja mikono. Nilishuka na nguo yenye povu kavu na mafuta ya breki mpaka magotini. Mbuzi walikuwa wasafi kuliko mimi.

Sikuruhusiwa kukaa. Baba mdogo wa Espérance, mwindaji mwembamba mwenye koti la suti juu ya kaptura, alikuja akanizunguka, akazunguka pikapu, akahesabu mbuzi. Kisha akasimama mbele yangu.

"Wanasema ulikuya na gari bila freni," akaniambia. "Muntu anakuya vile, ao anampenda mutoto wake sana, ao anataka njia imuzuie. Wewe uko nani?"

Nilimtafuta Paluku kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya wanaume, shati jeupe, mikono mifukoni, anatazama chini. Ningeweza kutoa jibu zuri. Ninauza vitenge, majibu mazuri ndiyo kazi yangu.

"Niko wote wawili, Papa," nikasema. "Jana niliomba njia inizuie. Leo niko hapa."

Kulikuwa na minong'ono. Shangazi mmoja akatafsiri kwa wazee, na mzee mmoja akaguna. Baba mdogo hakutabasamu. Aliwageukia mashangazi, akawaambia kitu kifupi, nao wakaachia mlango. Wakati huo Paluku alikuwa amekwisha kufika kwangu. Alinikumbatia na shati lake jeupe, na ndivyo alivyooa, akiwa na alama ya mafuta ya breki kifuani ambayo picha zote zinaionyesha na ambayo Muhindo anadai ni kivuli.

Espérance alinitolea kiti yeye mwenyewe, akakaa chini karibu na miguu yangu. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli nilikanyaga kanyagio nikitazama bonde. Nikamwambia ni kweli. Akasema yeye asingeweza, angelia. Nikamwambia Muhindo alilia kwa niaba yetu sote. Alicheka kwa kujiziba mdomo, na nikaelewa kwa nini mdogo wangu hakurudi kuuza vitenge.

Jumatatu tulirudi. Tulimpelekea Mama Josefina ndizi, samaki wa kukaushwa na kitenge nilichokuwa nimemnyima shangazi mmoja mkali. Njiani tulikuta magari mawili yamefunguliwa boneti, pua juu, watu wanahesabu na povu linatoka. Muhindo alisimama kwa yote mawili, akashuka, akalaza chupa ya mafuta kando ya injini, akauliza upepo uko wapi, kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa na elimu hiyo. Nilimwachia. Yule kijana wa kamba alitupigia saluti tuliposimama mbali kabisa naye, hatua kumi nzima, kwa majivuno.

Nimejifunza nini? Kwamba silinda kuu hutolewa upepo mezani kabla ya kufungwa, na ukishindwa, basi ni pua chini, taratibu, kwa kina cha ukucha. Kwamba mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi ya gari yanaila, ndiyo maana pikapu yangu sasa ina madoa. Na jambo moja jingine, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Mwezi ule mliponiuliza kama mje harusini, watu kumi na wawili mkiwa na nguo zimeshonwa tayari, niliwaambia barabara imefungwa kabisa, hata pikipiki haipiti. Haikuwa imefungwa. Tulipishana na malori njia nzima. Niliwazuia kwa sababu sikutaka Espérance aone ukoo wetu umekuja kumpokea. Paluku alioa akiwa na dada mmoja, dereva mmoja na mbuzi sita, na kila aliyemuuliza ndugu zake wako wapi, alimjibu kwamba njia ni mbaya. Aliniangalia aliposema hivyo, kisha akasema tena kwa mwingine.

Espérance atajifungua kabla ya mvua kubwa. Nguo zenu bado ziko masandukuni, najua. Zitoeni, mje wote, twende Buleusa. Muhindo ataendesha, na breki nitaikagua mimi.